Anayekesha ulingoni Bunda naye yuko kazini

Kiswahili kina kitenzi ambacho vijana wengi wa mjini hawajapata kukisikia: kuamia. Kuamia ni kukaa shambani na kufukuza ndege, nyani na nguruwe wasile mazao kabla mwenyewe hajavuna. Anayeamia hukaa juu ya ulingo, wengine huuita dungu, akiwa na kombeo mkononi na debe la kupiga kando yake. Watu hawatungi kitenzi, jina la jukwaa na jina la zana kwa ajili ya jambo la kupuuza. Waliotuachia maneno hayo waliiona shughuli hiyo kuwa kazi kamili, yenye mahali pake na ujuzi wake. Kazi hiyo haijafa. Katika vijiji vya Bunda vilivyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Grumeti, kama Kunzugu, Hunyari, Mariwanda na Kihumbu, hurudi kila msimu mahindi na mtama vinapokaribia kukomaa, ila anayeamiwa huko ni tembo. Watu wazima, na mara nyingi watoto wao, hukesha wiki baada ya wiki kumzuia mnyama mzito kuliko gari, kisha asubuhi huteremka na kushika jembe. Kwenye orodha za ajira za mkoa wa Mara huwaoni. Nasema wanafanya kazi ya uhifadhi wa taifa, na taifa linapaswa kuihesabu, kuifundisha na kuilipa.

Mkoa huu haujawahi kukosa kazi zisizo za kawaida. Usiku wa giza, ukisimama Makoko au Bweri mjini Musoma, utadhani ziwani kumejengwa mji mwingine: ni taa za wavuvi wa dagaa, zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Kukicha, wanawake wa mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, huanika dagaa hao, huwageuza, na mvua ya ghafla ikiwakuta mtaji wa siku nzima huoza. Pembeni yao wapo wanunuzi wa mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria enzi za ukoloni, na bondo lake kwa miaka mingi lilitupwa pamoja na matumbo. Leo soko la China limelifanya bondo lililokaushwa kuwa na thamani kubwa kuliko minofu ya samaki mwenyewe. Wakati watu wa mwambao wa ziwa hilo walipokuwa wakivua sato, ningu na furu, hakukuwa na mtu aliyejipatia riziki kwa kununua bondo, kulikausha na kulipanga kwa madaraja. Kazi hiyo ilizaliwa siku alipotokea mtu mwenye bei. Bondo lilikuwepo tangu sangara alipoingia ziwani. Kilichokosekana ni mtu wa kulihesabu.

Butiama, katika mkoa huuhuu, nayo ilimlea mtu aliyepitia kazi zisizofanana hata kidogo. Julius Nyerere alichunga mbuzi wa baba yake, Mtemi Burito, kabla ya kupelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934. Alifundisha Tabora, kisha Pugu, na Machi 1955 akaacha ualimu kwa sababu ya siasa. TANU, chama chake, wakati huo haikuwa na mwaka mmoja, na haikuwa na mshahara wa kumpa. Alirudi nyumbani na kwa miezi kadhaa akajipatia riziki kwa kumfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll, Arthur Wille, na kumsaidia kutafsiri mafundisho ya dini katika lugha hiyo. Baadaye, akiwa Rais, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na alipong'atuka mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Vitabu vya shule huandika kwamba alikuwa mwalimu na mwanasiasa, na hiyo ni kweli. Lakini ile miezi ya kufundisha Kizanaki, kazi isiyo na cheo wala barua ya ajira, ndiyo iliyoilisha familia ya kiongozi wa chama kilicholeta uhuru. Anayetaka kujua nchi inasimama juu ya nini asisome orodha ya vyeo peke yake.

Turudi ulingoni, maana kazi hii haijulikani vya kutosha hata kwa wanaoizungumzia bungeni na kwenye semina. Tembo mzima hula kilo 150 hivi za chakula kwa siku, na shambani huharibu kwa miguu zaidi ya anachokula. Mara nyingi wanaoingia mashambani ni madume, peke yao au wawili watatu, nao huja baada ya giza kuingia na kuondoka kabla ya mapambazuko. Mlinzi hana budi kujua upepo unaelekea wapi, kwa sababu tembo hunusa kabla ya kuona. Lazima atofautishe mlio wa tawi linalovunjwa na wa tawi linaloanguka lenyewe. Anapaswa kutambua mapema kama mbele yake kuna dume pekee au majike wenye ndama, kwani kelele inayomfukuza wa kwanza inaweza kuwaghadhabisha wa pili wakaja mbio kuelekea inakotoka. Hapaswi kamwe kuziba njia ya kurudia porini. Debe, firimbi, vuvuzela, moto na tochi kali hufaa kwa muda tu. Tembo ana akili, na akigundua kuwa kelele haiumi huacha kuijali. Kwa hiyo walinzi hubadilisha mbinu: wengine huchanganya pilipili na kinyesi cha tembo kilichokauka, wakakichoma ili moshi wake unaowasha ubebwe na upepo kuelekea kwa mnyama. Ujuzi wa namna hii, ukifundishwa darasani katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka kilichofunguliwa mwaka 1963, hutolewa cheti. Ukipatikana kwa kukesha miaka 20 Hunyari, huitwa shida za wakulima.

Gharama yake hailipwi na mwenye shamba peke yake. Kijana aliyekesha na baba yake husinzia darasani. Mama asiye na mume hulazimika kuchagua kati ya kuwaacha watoto ndani peke yao na kuliacha shamba wazi. Mbu huwauma wote kwa usawa, na wanaoamia hukesha nje ya chandarua. Juu ya yote kuna hatari yenyewe: tembo huua watu, na anayesimama kati yake na mahindi hana bunduki, hana sare, hana bima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa jasiri kiasi cha kutaja saa ambazo wanawake wa vijijini hufanya kazi, 12 hata 14 kwa siku, na likawakemea wanaume wa vijijini kwa uvivu. Nakubali uchungu uliokuwa ndani ya maneno yale. Lakini hesabu ile ilikuwa ya mchana. Kando ya Serengeti, hesabu ya usiku haijafanywa bado.

Kati ya wavuvi wa Musoma na walinzi wa Bunda kuna jambo linalowaunganisha ambalo nadhani halijaangaliwa vya kutosha, nalo ni mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka siku za giza na kupumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka taa zao hazivuti tena dagaa. Tembo nao wana kalenda inayokaribiana na hiyo: utafiti uliofanywa hapa nchini na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa hupunguza kuvamia mashamba siku za mwezi mpevu, huenda kwa kuogopa kuonekana. Basi katika wiki zilezile za giza, upande mmoja wa barabara ya Mwanza kwenda Musoma watu wako majini wakivuta nyavu, na upande wa pili watu wako juu ya ulingo wakisikiliza. Asubuhi wanaachana. Mvuvi anateremsha dagaa mwaloni, wanapimwa, wanalipiwa, ushuru unakatwa. Mlinzi hana cha kupima. Kazi yake ikifanikiwa kabisa, hakuna kilichotokea: mahindi yapo kama yalivyokuwa jana, tembo yuko porini, hakuna maiti wala kesi. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa inayowafanya watu wenye nia njema wasiione kazi hiyo. Ila mjini hatuna taabu na jambo hilo hata kidogo. Benki, maduka na ofisi za serikali hulipa kampuni za ulinzi kila mwezi ili lisitokee lolote, na hakuna mhasibu anayekataa ankara kwa sababu mwezi huo wezi hawakuja.

Ziwani sheria ilikwisha kupiga hatua. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inavitambua vikundi vya wananchi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, vile ambavyo kila mtu mwaloni anaviita BMU, na mwananchi wa kawaida wa Majita au Kibara akapata nafasi ya kisheria ya kulinda mazalia ya samaki dhidi ya makokoro na sumu. Vikundi hivyo vina udhaifu wake, na tuhuma za rushwa dhidi ya baadhi yao si uzushi. Hata hivyo msingi uliwekwa: anayelinda mali ya umma karibu na nyumba yake hafanyi hobi, ana wajibu unaoandikwa, na wajibu unaoandikwa unaweza kudaiwa malipo. Sioni kwa nini samaki wa ziwa hilo apate mlinzi anayetambuliwa, na tembo wa kilomita chache kutoka hapo akose.

Wala wazo la jamii kulipia kazi isiyo ya kawaida si geni katika mkoa huu. Simulizi za Waikizu, ambao nchi yao iko Bunda, zinamtaja mwanamke mvuta mvua aitwaye Nyakinywa, aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma na kuanzisha utemi wao. Wazanaki nao walikuwa na wavuta mvua wao, na wakoloni walipohitaji machifu wa kukusanya kodi baadhi ya watu wa namna hiyo ndio waliovikwa vyeo na kupewa mshahara. Mtu wa leo anaweza kuamini au asiamini kwamba mvua huitwa. Kinachonivutia ni kwamba jamii ilikubaliana kumtunza mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusimama kati ya watu na nguvu isiyo na mmiliki. Ulinzi nao ulikuwa na utaratibu: miongoni mwa jamii za magharibi mwa Serengeti kulinda nchi lilikuwa jukumu la rika, vijana wa zamu wakilibeba kwa niaba ya wote mpaka rika jingine lipokee. Waikoma, majirani zao, mpaka leo wana pembe za ndovu ziitwazo Machaba ambazo kwao ni kitu kitakatifu, na wapo watu waliokabidhiwa kuzitunza. Tembo, ulinzi na wajibu wa pamoja vilikuwa katika fikra za watu hao kabla mpaka wowote wa hifadhi haujachorwa. Kumwacha kila mkulima apambane peke yake na tembo wake ndilo jambo jipya.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Nyerere, mtoto huyo wa Butiama, alitoa tamko mjini Arusha ambalo ulimwengu wa uhifadhi unalikumbuka kwa jina la Ilani ya Arusha. Aliahidi kwamba nchi mpya itawatunza wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo, na akasema wazi kuwa kazi hiyo inahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na kwamba mataifa mengine yanapaswa kusaidia kubeba mzigo. Aliyasema hayo akiwa mtu wa mkoa unaopakana na Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na alijua uhifadhi huwagharimu watu wa kweli. Ahadi imetimizwa kwa sehemu kubwa. Miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua tembo wa Serengeti hadi wakabaki mamia. Mwaka 1989 ikaja Operesheni Uhai, mwaka huohuo biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku, na leo tembo wanahesabiwa kwa maelfu. Haya ni mafanikio makubwa ya nchi yetu na mimi nayafurahia bila kinyongo. Lakini mafanikio hayo hula. Tembo walipoongezeka na mashamba yakasogea, usiku wa Kunzugu ukabadilika. Watu waliofunzwa na fedha, vitu viwili kati ya vile alivyovitaja Nyerere, vilifika hadi lango la hifadhi la Ndabaka, na kwenye ulingo ulio ng'ambo ya mpaka havijafika.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwananchi anayemuua tembo shambani kwake anaweza kushtakiwa kwa kuhujumu mali hiyo. Ni sawa, nami sitaki ibadilishwe. Ila tazama kinachofuata. Kwa mila zetu na kwa akili ya kawaida, ng'ombe wa jirani akila mahindi yako, jirani hulipa. Tembo wa umma akila, kanuni za mwaka 2011 zilitoa kitu kilichoitwa kifuta jasho, kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari, tena kwa ekari zisizozidi 5, na kiwango hicho kilipungua kadiri shamba lilivyokaribia mpaka. Kwa uhai wa mtu, kanuni hizo ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000. Majina yenyewe yamechaguliwa kwa uangalifu: kufuta jasho na machozi ni tendo la huruma, halikubali deni. Na huruma hiyo huja baada ya hasara. Mkulima aliyelala shamba likaliwa ana fomu ya kujaza. Aliyekesha siku 90 akaliokoa shamba lake na la jirani, akamrudisha tembo porini akiwa mzima, hana fomu yoyote. Tumetengeneza utaratibu unaomtambua mtu pale tu kazi yake inaposhindwa.

Wapo watakaosema kila mkulima duniani hulinda shamba lake, na anayelinda cha kwake hana wa kumdai. Hoja hii ni nzito na inastahili jibu. Anayeamia kwelea au nyani analinda cha kwake, ni kweli, na sidai alipwe. Tofauti iko upande wa pili wa ulingo. Mlinzi wa tembo analinda vitu viwili kwa wakati mmoja, mahindi yasiliwe na tembo asiuawe. Ikiwa atashindwa mara nyingi, kinachofuata kinajulikana: hasira, mikuki, sumu, na siku mjumbe wa majangili akipita kijijini kuuliza njia za tembo, atakuta mtu wa kumjibu. Kila usiku ambao mnyama anarudi porini salama ni usiku ambao taifa limetunziwa mali yake na mtu lisiyemlipa. Faida ya shamba ni yake, achukue. Faida ya tembo aliye hai ni yetu sote, na hiyo ndiyo sehemu ya mshahara ninayoizungumzia.

Wengine husema watu hao wamewafuata wanyama, na waliojipeleka mpakani wavumilie. Katika baadhi ya maeneo ni kweli mashamba yamefunguliwa mpaka ukingoni miaka ya karibuni. Lakini Grumeti ilitangazwa pori la akiba mwaka 1994 tu, na jamii za Ikizu, Nata na Ikoma ziliishi, zikawinda na kulima katika nchi hizo kabla ya tangazo lolote. Kwenye baadhi ya mipaka hiyo mstari ndio uliowakuta watu. Zaidi ya hayo, serikali yenyewe imeonyesha kwamba inajua kulipia uhifadhi inapotaka: katika kata ya Nyatwali, upande wa ghuba ya Speke, imeamua kuwahamisha wananchi kwa fidia ili wanyama wapate njia ya kufika ziwani. Kuhama kunalipiwa. Kubaki na kulinda hakulipiwi, ingawa matokeo yanayotafutwa ni yaleyale, tembo na mtu wasikutane vibaya.

Na uzio je? Kenya iliizungushia misitu ya Aberdare uzio wa umeme wa karibu kilomita 400, ukakamilika mwaka 2009, na umewasaidia wakulima wa huko. Ukanda wa magharibi wa Serengeti ni nchi ya aina nyingine, ni njia ya nyumbu wanaohama kila mwaka, na uzio uliowekwa pasipofaa unaweza kuua kile tunachokilinda. Inawezekana vipo vipande ambako utafaa. Hata huko uzio haujilindi: tembo huangusha nguzo, majani hufunika nyaya, na lazima awepo mtu wa kutembea kando yake kila siku. Mtu huyo atatoka kijiji gani kama si hicho hicho? Hata askari wa wanyamapori, ambao wengi wao hujitolea sana, ni wachache kwa urefu wa mpaka ule. Gari lao likipigiwa simu saa nane usiku hufika tembo akiwa ameshashiba.

Kwingine wameshajaribu, na majaribio hayo yanafaa kusomwa na madiwani wa Bunda. Kandokando ya msitu wa Bwindi nchini Uganda, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna vikundi vya wanakijiji ambao kazi yao ni kuwarudisha sokwe wa milimani msituni wanapoingia kwenye migomba. Ni kazi ya ajabu kuliko nyingi nilizozitaja, nao hupewa mafunzo, viatu na makoti ya mvua, ingawa bado wanahesabiwa kama wa kujitolea. Amboseli, Kenya, mpango wa Lion Guardians ulioanza mwaka 2007 huwaajiri kwa mshahara morani wa Kimaasai, vijana ambao sifa yao ilikuwa kumuua simba, ili wamfuatilie, wawaonye wafugaji na wazuie misako ya kulipiza kisasi. Hapa nchini, taasisi ya Honeyguide imewafundisha wanakijiji kutumia kwa mpangilio tochi, honi na unga wa pilipili, hatua kwa hatua, badala ya kila mtu kubahatisha. Hakuna lililoondoa tatizo lote. Lakini kote huko jambo moja limethibitika: anayeishi karibu na mnyama, akipewa zana na jina, hulinda vizuri kuliko anayeletwa kutoka mbali.

Hofu ya udanganyifu ninaipokea. Fedha zikitajwa, majina ya walinzi hewa yataandikwa, na mwenyekiti atamweka shemeji yake. Yametokea mwaloni na yanaweza kutokea shambani. Dawa yake ni ya kawaida: orodha ya zamu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, isomwe mbele ya mkutano mkuu, na majirani waliokesha ndio wahakiki nani alikuwa ulingoni, maana usiku wa tembo hauna siri. Asiandikwe mtu aliye chini ya miaka 18, ili malipo yasije yakawa sababu ya kuwatoa watoto shuleni. Yakipangwa vizuri yatawarudisha kitandani. Gharama nayo tuiangalie bila woga. Tuseme kijiji kimoja kina walinzi 20, kila mmoja analipwa shilingi 10,000 kwa usiku, kwa siku 90 za msimu. Ni shilingi milioni 18, fedha isiyofikia hata kidogo bei ya gari moja la doria, katika nchi ambayo mgeni wa kigeni hulipa makumi ya dola kwa kila siku anayokaa ndani ya Serengeti. Halmashauri inaweza kuanza kwa sheria ndogo inayoutaja ulinzi huo na kuweka daftari lake. Wizara yenye dhamana ya maliasili inaweza kuongeza kwenye kanuni zake kifungu kinachomlipa aliyezuia hasara, kando ya kile kinachomfariji aliyeipata. Mweka, au maofisa walio jirani wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, wanaweza kutoa mafunzo ya wiki mbili kabla ya msimu.

Msimu wenyewe hauko mbali kila mwaka. Mvua za masika zikikatika, mahindi ya Mariwanda na Hunyari husimama makavu shambani yakingoja kuvunwa, na wiki zilezile nyumbu hufika mto Grumeti na kambi za wageni za ukanda wa magharibi hujaa. Mgeni akisikia tawi likivunjwa nje ya hema lake usiku, mlinzi wa kambi mwenye sare, redio na mshahara humwambia atulie, ni tembo, atapita. Kilomita chache kutoka hapo kuna mtu mwingine ambaye naye amesikia tawi likivunjika. Ameshuka ulingoni, amepima upepo, amewaamsha majirani wawili, na anajaribu kukumbuka kama betri za tochi alizonunua wiki iliyopita zitafika alfajiri.